Majira ya Vali: Je, Sifa Zimezidi Kazi?

Katika biashara ya magari ya michezo, maufundi machache yamepigiwa tarumbeta kama ule wa kubadilisha majira ya vali wakati injini inafanya kazi. Kila kampuni imeupa jina lake: Honda huuita VTEC, Toyota VVT-i, BMW VANOS, Porsche VarioCam, Mitsubishi MIVEC. Herufi hizo huandikwa juu ya kifuniko cha injini, na pengine ubavuni mwa gari, mahali ambapo mpita njia hawezi kukosa kuziona. Kijana akizisoma huamini ya kuwa nguvu ya gari inatoka humo. Je, ni kweli? Mimi nitasema ya kwamba katika gari la michezo sifa zimezidi kazi, na ya kwamba mahali ambapo kazi kubwa imefanyika kweli hapasifiwi inavyostahili.

Tuanze na misingi. Injini ya petroli ya mapigo manne huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huugandamiza, huuchoma, kisha huutoa moshi wake. Njia ya kuingilia na ya kutokea hufungwa kwa vali, na vali husukumwa na nundu zilizo katika kamshafti, yaani mhimili unaozunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Umbo la nundu ndilo linaloamua vali ifunguke lini, ifunguke kwa upana gani, na ifungwe lini. Mafundi wetu huyaita mambo hayo taimingi. Chuma kikishachongwa hakibadiliki, na hapo ndipo shida inapoanza.

Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, pistoni hushuka kutoka juu hadi chini kwa muda wa milisekunde 37.5. Ikizunguka mara 8,000, muda huo huwa milisekunde 3.75 tu. Hewa nayo ina masi, na kila chenye masi kina inesha. Katika mwendo wa kasi, safu ya hewa iliyo ndani ya bomba huwa bado inakimbia kuingia hata baada ya pistoni kufika chini na kuanza kupanda. Ni faida basi kuichelewesha vali isifungwe upesi, ili hewa ijisukume yenyewe ndani ya silinda. Lakini katika mwendo wa polepole msukumo huo haupo. Vali ikichelewa kufungwa, pistoni inayopanda huirudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia.

Jambo jingine ni kile kipindi kifupi ambapo vali ya kuingizia na ya kutolea huwa wazi kwa pamoja. Kwa kasi kubwa, moshi unaokimbia kutoka huivuta hewa mpya nyuma yake. Katika sailensa, gari likiwa limesimama na injini inanguruma, moshi hurudi ndani, mchanganyiko huchafuka, na injini hutetemeka kama mgonjwa wa homa. Ndiyo sababu injini za mashindano za zamani zilikuwa haziwezi kutulia zikisimama. Hazikuwa mbovu; zilichongewa nundu za kasi.

Wazo la kubadilisha majira ya vali ni la kale kuliko gari lenyewe. Katika garimoshi la mvuke, dereva alikuwa na mkono wa kubadilisha muda wa kuingiza mvuke katika silinda: muda mrefu wakati wa kuondoka kituoni, mfupi baada ya kushika kasi. Mtambo wa Walschaerts uliofanya kazi hiyo ulibuniwa Ubelgiji mwaka 1844, na ndio uliotumika miaka zaidi ya mia moja baadaye katika Garratt za daraja la 59, zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Hakuna aliyeuandika jina ubavuni mwa behewa.

Katika magari ya kuuzwa madukani, Alfa Romeo ilitangulia mwaka 1980 kwa gari lake la Spider la lita 2 lililopelekwa Marekani, nchi yenye sheria kali za moshi. Msomaji aiangalie sababu hiyo vizuri. Tangu mwanzo ufundi huu ulihusu kutuliza injini na kusafisha moshi wake, si kasi peke yake. Baadaye zikawa njia mbili. Ya kwanza huizungusha kamshafti kidogo mbele au nyuma, ili vali zifunguke na kufungwa mapema au kuchelewa. Upana wa kufunguka haubadiliki. Ya pili, ambayo Honda iliitia katika Integra ya mwaka 1989, huweka katika kamshafti moja nundu za aina mbili, za upole na za ukali. Injini ikifika kasi fulani, shinikizo la oili husukuma pini, na vali huanza kuzitii nundu za ukali zilizo ndefu zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Nguvu ya injini kwa wati ni kani yake ya mzunguko kwa nyutoni-mita, mara kasi ya mzunguko kwa rediani kwa sekunde. Injini ya Honda S2000 iliyouzwa Japani tangu mwaka 1999 ilikuwa na lita 2 na nguvu za farasi 250, yaani kilowati 184, ikizunguka mara 8,300 kwa dakika. Mizunguko hiyo ni rediani 869 kwa sekunde. Ukigawanya, unapata kani ya nyutoni-mita 212. Chukua kani hiyo hiyo uiweke katika injini inayozunguka mara 5,500 kwa dakika: nguvu hushuka hadi kilowati 122, sawa na farasi 166. Wale farasi 84 waliopotea hawakuwa wa vali. Walikuwa wa mizunguko.

Linganisha tena kwa kila lita ya ujazo. Ile Integra ya lita 1.6 ilitoa nyutoni-mita 152 kwa mizunguko 7,000, yaani takriban 95 kwa lita. Toyota IST ya lita 1.5, gari dogo la kupeleka watoto shule, hutoa takriban nyutoni-mita 140 kwa mizunguko 4,200, yaani 93 kwa lita. Tofauti ni ndogo kabisa. Kila silinda, mara moja inapojaa, hujaa karibu kiasi kile kile. Gari la michezo huishinda IST kwa kuijaza na kuichoma mara nyingi zaidi katika dakika moja.

Tena kuna ushahidi wa injini zisizo na ufundi huu. Ferrari F355 ya mwaka 1994 ilitoa farasi 380 katika lita 3.5, ikiwa na vali tano kwa kila silinda na majira yasiyobadilika hata chembe. Hao ni farasi 109 kwa lita, wakati ile Integra ilikuwa na 100. Katika mashindano ya Formula One, sheria za injini za lita 2.4 zilizotumika kuanzia 2006 hadi 2013 zilikataza kabisa kubadilisha majira ya vali. Hata hivyo injini hizo zilipita farasi 700. Kuanzia 2009 ziliruhusiwa mizunguko 18,000 kwa dakika, na dereva, kwa msaada wa gia saba, hakuziacha zishuke chini sana. Injini isiyohitaji kutembea polepole haina haja kubwa ya mpatanishi.

Lakini wale walioendesha magari ya VTEC husimulia ule mshtuko wa mgongoni nundu kali zinaposhika kazi, na husema ya kuwa wameisikia nguvu kwa miili yao. Siwakatalii hisia zao. Ila mwili wa binadamu haupimi mchapuko kwa usahihi. Huhisi zaidi mchapuko unapobadilika ghafla. Mhandisi anayetaka mvuto bora kuliko wote hubadilisha nundu pale ambapo mistari miwili ya kani katika grafu inakutana, na hapo ilipokutana hapana ngazi ya kurukwa. Kinachobaki ni mlio mpya wa hewa na mteremko wa grafu kugeuka. Mshtuko ukiwa mkubwa kweli, maana yake ni kwamba injini ilikawia kubadilisha, na kwa muda kabla ya hapo ilikuwa inavuta chini ya uwezo wake. Dereva ameshangilia upungufu ulioondolewa kwa kuchelewa.

Kama ni kutoa sifa katika injini ya S2000, mimi ningezitoa kwanza kwa pistoni, mikono yake na springi za vali. Pistoni hiyo husafiri milimita 84 kila pigo. Kwa mizunguko 8,300 mwendo wake wa wastani ni mita 23 kwa sekunde, na mara 16,600 kila dakika husimama na kugeuka. Chuma kinachostahimili hayo, tena kwa miaka, katika gari la mtu binafsi, ni kazi kubwa. Mitambo ya vali ilichofanya ni kuiwezesha injini hiyo hiyo kutambaa katika foleni bila kuzimika. Si jambo dogo, lakini si lile linalotangazwa.

Faida iliyo kubwa zaidi imejificha katika magari ya kawaida. Kwa kuacha moshi kidogo ubaki silindani, injini huchoma kwa joto la chini zaidi na oksidi za naitrojeni hupungua. Kwa kuchelewesha kufungwa kwa vali ya kuingizia, hewa hugandamizwa kidogo lakini hutanuka sana, na kazi zaidi hupatikana katika petroli ile ile. Mwingereza James Atkinson alilitafuta jambo hilo mwaka 1882 kwa mikono ya chuma yenye kutatanisha. Toyota Prius ya mwaka 1997 ililipata kwa majira ya vali tu. Gari hilo halikununuliwa na vijana wapenda kasi, na kwa hiyo hawakulipigia tarumbeta.

Kwetu Afrika ya Mashariki magari yenye vali za namna hii ni mengi mno, kwa kuwa yaliyotumika Japani huingia kila siku katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Mwenye gari anapaswa kujua jambo moja ambalo herufi za kifunikoni hazimwambii: mitambo hii huendeshwa kwa shinikizo la oili ya injini. Vali ndogo ya umeme huielekeza oili kwenye vijia vyembamba, baada ya kupita katika chekeche dogo. Oili ikikaa mno hugeuka tope, chekeche huziba, na kamshafti hunasa katika pembe isiyofaa. Dalili zake ni sailensa ya kutetemeka, mvuto kupungua na petroli kwisha upesi. Mara nyingi plagi hulaumiwa, hubadilishwa, na hali hubaki vile vile. Oili nzito kupita ile iliyoagizwa na mtengenezaji nayo huchelewesha mwendo wa mitambo, ingawa wengi huichagua wakidhani inalinda injini. Mwalimu akipata kwa fundi kichwa cha injini iliyokufa, aking'oa ile vali ya umeme na kulitoa chekeche, darasa zima litaweza kulitazama juu ya kiganja kimoja.