Fort Jesus: Ngome Iliyoshindwa na Njaa

Mwenyeji wa Misungwi, aliyekulia kati ya majaruba ya mpunga na mawe makubwa ya Usukuma, akitaka kuwaonyesha wanawe makumbusho huwapeleka Bujora, karibu na Kisesa. Mahali hapo palipoasisiwa na Padre David Clement ataona ngoma na vifaa vya watemi, vitu ambavyo babu zake walivijua. Lakini iko makumbusho nyingine, mbali huko pwani ya Mombasa, ambayo kitu chake kikubwa cha kutazamwa ni jengo lenyewe. Na jengo hilo halikujengwa kwa ajili ya wenyeji, bali dhidi yao.

Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ili wailinde njia yao ya biashara ya kwenda Bara Hindi. Mtu akisimama chini ya kuta zile hudhani kwamba hakuna awezaye kuingia. Kumbe mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza, aliingia kwa mlango kama mgeni, akamwua kamanda wao na kuitwaa ngome.

Wareno walirudi. Kisha, Machi 1696, majeshi ya Oman yakaizingira. Ndugu msomaji, hebu fikiri: miezi thelathini na mitatu! Waliofungiwa humo hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo pia Waswahili waliosimama upande wao, na maradhi yalipowamaliza maofisa wa Kireno, aliyeshika uongozi wa ulinzi ni Bwana Daud wa Faza. Vitabu vingi vya shule humpita bila kumtaja, navyo hukosea. Waomani walipoingia Desemba 1698, waliosalia walikuwa wachache wa kuhesabika. Walioangusha ngome hasa ni njaa na maradhi.

Wareno waliipata tena mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Baadaye ikawa mikononi mwa Wamazrui, hata Sayyid Said alipoitwaa mwaka 1837. Mwaka 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga ili kuuzima uasi wa kamanda wake.

Waingereza walipoanza kutawala mwaka 1895 waliigeuza gereza. Kwa zaidi ya miaka sitini, familia za Mombasa ziliitazama kama mahali ambapo baba au kaka amefungiwa; Mreno hakuwa tena katika mawazo yao. Wafungwa wa mwisho waliondolewa mwaka 1958, ngome ikakarabatiwa kwa msaada wa Taasisi ya Gulbenkian chini ya mwanaakiolojia James Kirkman, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2011.

Wakati wa mazingira yale, meli ya Santo António de Tanná ilitumwa kutoka Goa kuwasaidia waliozingirwa, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Kuanzia mwaka 1977 wapiga mbizi walivitoa vitu vyake baharini, na sehemu yake imewekwa ndani ya kuta zile zile. Shehena imefika baada ya miaka 280, na watoto wa shule hupita mbele yake wakiuliza ilikuwa ya nani.