Kinywaji cha Manjano na Maumivu ya Viungo



Akina mama wengi wanaofika kliniki siku hizi wana swali moja: "Sista, eti juisi ya manjano na tangawizi huponya baridi yabisi?" Haiponyi. Lakini ni chakula kizuri, na anayependa kuinywa kila siku anaweza kuendelea.

Mwili ukijeruhiwa au kuingiliwa na vijidudu, hupeleka damu nyingi mahali pale. Pakavimba, pakawa pa moto na kuuma. Hali hiyo huitwa mchochota. Ni ulinzi wa mwili, ila ikidumu miaka huharibu viungo. Kiini cha manjano huweza kuipunguza kidogo. Tatizo ni kipimo: katika gramu 100 za unga wa manjano, kiini hicho ni yapata gramu 3 tu. Wagonjwa wa magoti waliofanyiwa majaribio kwa kawaida walipewa miligramu 500 au zaidi kwa siku, katika vidonge. Nusu kijiko cha chai cha manjano hakifikii hata miligramu 100.

Haya, tutengeneze. Chukua kipande cha papai, robo ya parachichi, tangawizi mbichi ukubwa wa ncha ya kidole gumba iliyotwangwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, na pilipili manga kidogo sana. Parachichi lisikosekane, maana kiini cha manjano huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Na pilipili manga husaidia kiingie mwilini. Ongeza kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, au mtindi. Mwenye blenda asage. Asiye nayo aponde kwa uma, ladha ni ile ile. Usichuje, maana makapi yana faida kwa tumbo. Sukari usitie. (Najua wapo watakaotia vijiko vitatu nikigeuka mgongo!)

Mwenye kisukari ni afadhali ale tunda lenyewe, na kwa kiasi. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, kama wafarini, asianze kunywa manjano kila siku kabla ya kumwuliza daktari, kwani anaweza kutokwa damu. Mgonjwa wa figo naye aulize kwanza, kwa sababu parachichi lina potasiamu nyingi. Na vidonge ulivyoandikiwa na daktari usiviache kwa ajili ya juisi.

Linalonitia hofu zaidi ni watoto. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiumwa goti leo, kesho kutwa kifundo cha mguu, kisha kiwiko, tena ana homa, usimpe juisi ukangoja. Yaweza kuwa homa ya baridi yabisi, inayofuata maumivu ya koo yaliyopita wiki 2 au 3 nyuma. Maumivu ya viungo huisha yenyewe, na hapo mama hudhani juisi imeponya, kumbe ugonjwa umehamia kwenye vali za moyo. Tunawapokea wodini baada ya miaka, wanahema kwa kupanda mlima mdogo tu. Ikigundulika mapema, mtoto huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, na moyo wake hulindwa.

Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, na ukifika umweleze mganga kwamba maumivu yanahama, na kama koo lilimwuma kabla yake.