Je, Wajua? Timu za Miji Midogo Zilizotikisa Vigogo

Mkongo, Ikwiriri, Kibiti na Utete tumegawanyika kama Tanzania nzima: huku Simba, kule Yanga. Hata hivyo, historia ya soka letu imeandikwa pia na miji ambayo wengi hawajawahi kuikanyaga. Hizi ni habari za timu zake, na baadhi zinatugusa watu wa bonde la Rufiji kuliko tunavyodhani.

KOMBE LILIPOTOKA DAR

Je, wajua kwamba kombe la ligi lilikaa Dar es Salaam misimu kumi mfululizo kabla ya kuhama? Ligi ya taifa ilianza 1965. Sunderland (iliyobadili jina 1971 ikawa Simba), Cosmopolitans na Yanga wakapokezana ubingwa hadi 1974. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ikalibeba kombe na kuwa timu ya kwanza ya mkoani kufanya hivyo.

Je, wajua kwamba mwaka 1986 bingwa wa Tanzania Bara alitoka Tukuyu, mji wa chai na ndizi wilayani Rungwe? Tukuyu Stars, "Banyambala", walikuwa ndiyo kwanza wamepanda daraja. Wageni hao wakawapita wenyeji wote wa ligi. Hadi leo ubingwa haujarudi Tukuyu.

Je, wajua kwamba Mtibwa Sugar ilianzishwa 1988 kwenye kiwanda cha sukari huko Turiani, Morogoro, na ikatwaa ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000? Uwanja wake wa Manungu umezungukwa na mashamba ya miwa. Vigogo wa Dar wamekwenda pale mara nyingi na kurudi vichwa chini.

Je, wajua kwamba tangu ubingwa ule wa Mtibwa wa mwaka 2000, hakuna timu ya nje ya Dar es Salaam iliyochukua Ligi Kuu? Simba, Yanga na Azam wamegawana mataji yote yaliyofuata. Aliyezaliwa mwaka ule ni mtu mzima sasa, na hajawahi kuona kombe la ligi likipokelewa mkoani.

WATU WA MOROGORO NA DENI LA CAF

Je, wajua kwamba Mtibwa iliwahi kufungiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikutokea kwenye mechi ya marudiano dhidi ya Santos ya Afrika Kusini. Ikapigwa marufuku ya miaka mitatu na faini ya dola 15,000. Deni hilo lilikuja kuibuka 2018, Mtibwa ilipotwaa Kombe la Shirikisho nyumbani kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha. Ili icheze Afrika, ililazimika kwanza kulipa.

Je, wajua kwamba fainali nne mfululizo za kombe hilo, 2017 hadi 2020, zote zilikuwa na timu ya mkoani? Ni Mbao ya Mwanza 2017, Mtibwa na Singida United 2018, Lipuli ya Iringa 2019, na Namungo ya Ruangwa 2020. Tangu mashindano yaliporejeshwa msimu wa 2015/16, Mtibwa peke yake ndiyo timu ya nje ya Dar iliyoondoka na kombe.

VITA VYA RUFIJI, TIMU YA SONGEA

Je, wajua kwamba klabu ya Majimaji ya Songea imebeba jina la vita vilivyochochewa huku kwetu? Kinjikitile Ngwale, aliyewagawia watu maji na kuwaambia risasi za Wajerumani hazitawadhuru, alikuwa mtu wa Ngarambe, Rufiji. Alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Moto ukaenea hadi Ungoni, ambako kiongozi wa Wangoni, Songea Mbano, naye alinyongwa 1906, na mji ukaitwa kwa jina lake.

Je, wajua kwamba Majimaji, "Wanalizombe", walikuwa mabingwa wa Ligi ya Muungano 1985, 1986 na 1998? Zama hizo timu za juu za Bara na za Zanzibar zilikutana kumtafuta bingwa mmoja. Jina la vita vyetu lilisomwa redioni kila wiki, na huenda wengi waliolisikia hawakujua limeanzia wapi. Majimaji walishuka kutoka Ligi Kuu 2018.

MAJI YA IHEFU YANAPITA MKONGO

Je, wajua kwamba timu ya Ihefu ilichukua jina la ardhi oevu ya Usangu, wilayani Mbarali? Maji ya Ihefu huingia Ruaha Mkuu, Ruaha huingia Rufiji, na Rufiji hupita hapa Mkongo kuelekea delta na bahari. Mkulima wa mpunga wa Mbarali na mkulima wa mpunga wa Rufiji wanategemea mto mmoja.

Je, wajua kwamba Ihefu ndiyo iliyokata mwendo mrefu wa Yanga wa kutofungwa kwenye ligi? Yanga walikuwa wamefikisha mechi 49. Tarehe 29 Novemba 2022 wakaenda Ubaruku, kwenye uwanja wa Highland Estates. Yannick Bangala akawatanguliza wageni. Never Tigere akasawazisha kwa mpira wa adhabu, kisha Lenny Kissu akafunga la pili. Ihefu 2, Yanga 1. Oktoba 2023 Yanga wakarudi Ubaruku na matokeo yakawa yale yale, 2-1.

Je, wajua kwamba leo timu hiyo haipo tena Mbarali? Mwaka 2024 ilihamishiwa Singida, na jina likabadilishwa kuwa Singida Black Stars. Uwanja umebaki na watu wamebaki. Timu waliyokuwa wakiilipia kiingilio imeondoka, na nafasi yao ya Ligi Kuu imekwenda nayo. Hili ni jambo la kutafakari kwa kila anayetamani wilaya yake iwe na timu kubwa: timu ni ya nani hasa?

BARABARA YA KUSINI

Je, wajua kwamba Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa 2003, na kwamba sasa lina jina moja na uwanja wa taifa? Uwanja mkubwa wa Dar es Salaam wenye viti 60,000 ulipewa jina la Benjamin Mkapa baada ya kifo chake Julai 2020. Kabla ya daraja, safari ya Kusini ilisubiri kivuko. Leo basi la timu hutoka Dar, hupita Kibiti na Ikwiriri, huvuka mto bila kusimama na kushika njia ya Lindi.

Je, wajua kwamba mwisho wa safari hiyo, Ruangwa, kuna timu ya mji mdogo iliyofika mbali sana? Namungo FC, "Wauaji wa Kusini", wana jina la kijiji cha Namungo na hucheza kwenye Uwanja wa Majaliwa. Walipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Msimu huo huo wa kwanza wakamaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, iliyochezwa Sumbawanga. Simba wakawafunga 2-1, lakini kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaenda Ruangwa.

Je, wajua yaliyowakuta Luanda? Februari 2021 Namungo walikwenda Angola kucheza na Primeiro de Agosto. Mamlaka za huko zikasema baadhi ya watu wa msafara wana Uviko, zikawaweka karantini, na mechi haikuchezwa. CAF ikaamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Ya kwanza Namungo wakashinda 6-2. Ya pili wakafungwa 3-1. Jumla 7-5, na Namungo wakawa klabu ya kwanza ya Tanzania kutoka nje ya Dar es Salaam kufika hatua ya makundi ya mashindano ya klabu Afrika.

Je, wajua kwamba kwenye kundi walikutana na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, na hawakupata pointi wala bao? Wapo waliocheka. Mimi nawavulia kofia. Wilaya ambayo miaka michache nyuma haikuwa na timu ya Ligi Kuu ilikuwa inapangiwa ratiba moja na Raja, klabu iliyokwishatwaa ubingwa wa Afrika mara tatu.

SAFARI ZILIZOKWAMA

Je, wajua kwamba Oktoba 2021 Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 jijini Dar es Salaam, kisha ikatolewa bila kufungwa? Safari ya ndege ya marudiano ilikwama, timu haikufika Libya, na CAF ikaiondoa. Mabao mawili ya uwanjani yalishindwa na makaratasi ya safari. Mwaka 2022 ikashuka daraja.

Je, wajua kwamba Stand United ya Shinyanga, "Chama la Wana", ilianza na wapiga debe wa stendi ya mabasi? Mwaka 2014 ilikuwa Ligi Kuu, ikipangwa na Simba na Yanga.

Je, wajua kwamba hata Mkoa wetu wa Pwani ulikuwa na timu ya Ligi Kuu yenye maskani yake Mlandizi? Ruvu Shooting, timu ya jeshi, waliutumia Uwanja wa Mabatini kwa miaka mingi. Walishuka 2023.

MBALI KIDOGO: ROMANIA

Je, wajua kwamba Ulaya nako kuna kisa kama hiki? Urziceni ni mji wa Romania wenye watu wasiofika 20,000. Mwaka 2009 timu yake, Unirea Urziceni, chini ya kocha Dan Petrescu, ilichukua ubingwa wa nchi. Msimu uliofuata ikacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Iliwafunga Rangers 4-1 huko huko Glasgow, ikawafunga Sevilla 1-0, na ikamaliza kundi na pointi 8. Mechi zake za nyumbani ilizichezea mji mkuu, Bucharest, kama Namungo walivyochezea za Afrika Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba kufikia 2011 Unirea ilikuwa imevunjwa? Fedha zilikauka, wachezaji wakauzwa, kocha akaondoka. Miaka miwili tu ilitenganisha kombe na kaburi. Timu inayolishwa na mfuko mmoja hufa siku mwenye mfuko anapogeuza uso, iwe Urziceni au Rufiji.

NA SISI WA MKONGO?

Je, wajua kwamba kutoka ligi ya wilaya hadi Ligi Kuu ni hatua tano tu? Bingwa wa wilaya huenda ligi ya mkoa, ambayo kwetu husimamiwa na COREFA, chama cha soka cha Mkoa wa Pwani. Bingwa wa mkoa huenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Kutoka hapo ni First League, kisha Championship, kisha Ligi Kuu.

Je, wajua kwamba klabu husajiliwa kisheria? Baraza la Michezo la Taifa, BMT, liliundwa kwa Sheria Namba 12 ya 1967, na huko ndiko kwenye Msajili wa vyama na vilabu vya michezo. Klabu lazima iwe na katiba. Katiba hiyo ndiyo inayoweza kuandika kwamba wanachama ndio wenye timu, na kwamba haiuzwi wala kuhamishwa bila kura yao. Ukurasa huo una thamani kuliko seti ya jezi kutoka kwa mgombea.

Vipaji havijawahi kuwa tatizo letu. Jioni yoyote kijijini utawaona watoto na chandimu ya mifuko ya nailoni iliyosokotwa kwa kamba, wanakimbia peku, magoli ni miti miwili miwili isiyo na nyavu, na kila bao lina ubishi wake. Kaka zao wanacheza ndondo kugombea mbuzi. Wakiwa na mechi Utete, lazima wavuke mto kwanza, na nauli hutoka mifukoni mwao.

Nauli hiyo ndiyo pa kuanzia. Tukuyu, Turiani, Ubaruku na Ruangwa wamethibitisha kwamba mji mdogo unaweza kupanda. Kinachobaki ni timu kudumu nyumbani, na hilo hufanywa na watu wengi wanaotoa kidogo kidogo kila mwezi, wenye kadi za uanachama na mkutano wa kusoma mahesabu. Ligi ya wilaya ikianza, nenda uwanjani, lipa kiingilio, na uliza kadi ya uanachama inauzwa wapi.