Banda la sungura lenye vyumba

Banda la sungura lenye vyumba ni kizimba kikubwa cha kufugia sungura kilichogawanywa kwa kuta za ndani, ili kila mnyama mkubwa, au kila kundi la wadogo wa jinsia moja, wawe na sehemu yao. Lengo la kuta hizo ni kuzuia mapigano, mimba zisizopangwa na vifo vya watoto. Banda la namna hii linafaa hasa mahali penye viwanja vidogo, kama vitongoji vya miji.

Asili ya mgawanyo

Sungura wa kufugwa (Oryctolagus cuniculus) wametokana na sungura-mwitu wa Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Sungura hao huishi kwa makundi ndani ya mashimo yenye njia na vyumba vingi. Jike anayekaribia kuzaa mara nyingi huchimba shimo lake dogo, hulitandika nyasi na manyoya ya kifuani mwake, kisha huziba mlango kwa udongo. Hurudi kunyonyesha takriban mara moja kwa siku, kwa dakika chache tu.

Ndani ya kizimba sungura hawezi kuchimba wala kukimbia. Anayeshambuliwa hana pa kwenda, na jike anayezaa hana pa kujificha. Kwa sababu hiyo mfugaji humtengenezea vyumba ambavyo porini angevipata mwenyewe.

Sababu za kutenganisha

* Madume waliokomaa hupigana, na mara nyingi huumana sehemu za siri. Kila dume huwekwa peke yake.
* Jike hulinda eneo lake. Kwa hiyo wakati wa kupandisha, jike ndiye anayepelekwa kwenye chumba cha dume, kisha hurudishwa kwake baada ya dakika chache.
* Yai la sungura hutoka baada ya kupandwa, na jike anaweza kushika mimba tena siku ileile aliyozaa. Akiachwa na dume atabeba mimba huku ananyonyesha, na afya yake itadhoofika haraka.
* Jike anayesumbuliwa anaweza kuwatelekeza watoto, kuwakanyaga au hata kuwala.
* Wadogo hutenganishwa kwa jinsia wafikapo umri wa miezi 3 hivi, kabla ya ndugu kuanza kupandana.

Vipimo

Kwa sungura wa ukubwa wa kati, kama New Zealand, California na Chinchilla, jike mwenye watoto huhitaji chumba cha takriban sentimita 90 kwa 60. Dume huhitaji angalau sentimita 60 kwa 60. Kimo kinachofaa ni sentimita 45 hadi 60.

Kwa hiyo banda lenye urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 linaweza kuwa na vyumba vinne: kimoja cha dume (sentimita 60), viwili vya majike (sentimita 90 kila kimoja) na kimoja cha muda cha wadogo walioacha kunyonya (sentimita 60). Wadogo hao wakikua, huhitaji nafasi kubwa zaidi.

Kila chumba huwa na mlango wake, chombo chake cha maji na chombo chake cha chakula. Vyumba viwili vinavyotumia chombo kimoja cha maji havijatengana, kwani vimelea vinavyopatikana kwenye kinyesi, kama vile koksidia, hupita hapo.

Aina za kuta za ndani

Ukuta wa mbao humficha mnyama asimwone jirani yake. Hufaa kati ya madume wawili, ambao hurushiana mkojo na kuumana pua kupitia wavu. Pia hufaa kwa chumba cha kuzalia. Ubaya wake ni kwamba huzuia hewa na hutafunwa, hivyo kingo zake hufunikwa kwa bati. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa hazifai, kwa sababu sungura huzitafuna.

Ukuta wa wavu wa chuma hupitisha hewa na husafishika kwa urahisi. Sehemu yake ya chini, kwa kimo cha sentimita 10 hadi 15, huwekwa wavu wenye matundu madogo ili watoto wasipenye kwenda chumba cha jirani.

Ukuta wa kuchomoa huteleza kati ya vipande viwili vya mbao. Ukitolewa, vyumba viwili vya wadogo huwa kimoja.

Hori la nyasi lenye umbo la V pia linaweza kuwekwa kati ya vyumba viwili, likalisha pande zote mbili.

Chumba cha kuzalia

Mimba ya sungura huchukua takriban siku 31. Karibu siku ya 28 jike huwekewa sanduku la kuzalia lenye urefu wa sentimita 40 hadi 45 na upana na kimo cha sentimita 30 hivi, pamoja na nyasi kavu. Tarehe ya kupandishwa huandikwa kwenye kadi mlangoni. Bila kadi hiyo sanduku huchelewa, na watoto huzaliwa juu ya wavu wakafa kwa baridi ya usiku.

Hali ya hewa ya Dodoma

Mtumba, ulipo Mji wa Serikali wa Tanzania, iko takriban kilomita 17 mashariki mwa katikati ya Jiji la Dodoma, kwenye uwanda wa juu wenye ukame. Mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Mwezi Oktoba na Novemba joto la mchana linaweza kupita nyuzi 30 za Selsiasi.

Sungura hustahimili baridi kuliko joto. Zaidi ya nyuzi 30 hula kidogo, na uwezo wa dume wa kuzalisha hupungua kwa muda. Katika mazingira hayo kuta za mbao zikizidi hugeuza vyumba vya katikati kuwa tanuri. Mpangilio unaofaa ni mbao pale tu panapohitajika faragha, wavu kwingineko, na paa la nyasi, au bati lililofunikwa nyasi, chini ya kivuli. Upande unaopigwa na upepo wa kiangazi hukingwa kwa sababu ya vumbi.

Miguu ya banda husimamishwa kwenye makopo yenye oili chafu kuzuia siafu na mchwa.

Mipaka ya vyumba

Ukuta wa ndani hauzuii magonjwa yote. Sungura mgeni hukaa kwenye kizimba cha mbali kwa angalau wiki mbili kabla ya kuingizwa katika banda, na mgonjwa pia hutolewa humo.

Wanyama wengine

Sungura wa Chinchilla amepewa jina la chinchila, mgugunaji wa milima ya Andes, kwa kufanana kwa manyoya yao ya kijivu. Chinchila wasiozoeana nao hutenganishwa, tena kwa nyavu mbili zenye nafasi katikati, kwa kuwa huumana vidole. Simbilisi, ambaye pia asili yake ni Andes, ni tofauti: dume mmoja anaweza kukaa na majike kadhaa, lakini watoto wa kiume huondolewa wakiwa na wiki 3 hivi.