Gita la Laka Halipakwi Siraji

Agosti mjini Likasi ni mwezi wa vumbi. Mvua zilishakatika tangu Aprili, barabara za Kikula na Panda zimekauka, malori ya madini hayapumziki, na kila kilichoachwa sebuleni asubuhi kinageuka chekundu kabla ya jua kuzama. Gita la kwaya nalo halisalimiki. Jumamosi mazoezi yakikaribia, kijana anaambiwa alipanguse ling'ae, naye anashika kilicho karibu: siraji nyeusi ya viatu, dawa ya kupuliza ya samani, kitambaa chenye mafuta ya taa, au tina kama ana mjomba gereji. Jumapili gita linang'aa kweli. Hasara hujitokeza baadaye: mgongo unanata, alama za vidole hazitoki, na kwenye nyufa ndogo za rangi pamebaki michirizi myeusi isiyoondoka hata ukisugua vipi.

Mji huu una deni kwa gita. Mwaka 1952, ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey alipita hapa na mitambo yake ya kurekodia akamkuta kijana mzaliwa wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akarekodi naye "Masanga". Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikacheza sauti ya juu, na mtu asiyeona angeapa kwamba magita ni mawili. Wapigaji wa Nairobi, Kampala na Zambia walihangaika miaka mingi kuiga vidole vile. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1990 alifariki kwa ajali ya gari. Sahani zake zilitoka kwa nembo ya Gallotone ya Afrika Kusini, na nembo hiyohiyo ilibandikwa kwenye magita ya bei nafuu. John Lennon alianza na mojawapo, Gallotone Champion, lenye karatasi ndani yake ikiahidi kwamba gita halitapasuka. Ahadi ya namna hiyo ningependa kuiona ikijaribiwa katika kiangazi cha Katanga.

Gita kavu, lisilo na umeme, sauti yake yote hutoka kwenye ubao mwembamba wa mbele. Ubao huo unalindwa na ngozi nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Laka ya nitroselulosi, iliyopakwa vizuri, unene wake haupiti sana karatasi moja ya daftari. Hapo ndipo pa kuanzia unaponunua dawa ya kung'arishia. Usiulize kwanza ipi inang'arisha zaidi; uliza ngozi ya gita lako ni ya aina gani.

Nitroselulosi ni pamba iliyotiwa asidi ya nitriki na ya salfa. Wakazi wa Likasi hawahitaji maelezo marefu hapo: katika kiwanda cha Shituru asidi ya salfa ndiyo inayoyeyusha shaba kutoka kwenye mawe, na kiwanda cha Afridex kilitengeneza baruti za migodini, jamaa wa karibu wa pamba hiyo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, viwanda vya Marekani vilibaki na uwezo mkubwa wa kutengeneza pamba ya baruti isiyo na mnunuzi. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont iliigeuza kuwa rangi ya magari iliyokauka kwa saa chache badala ya siku nyingi, na haukupita muda watengenezaji wa magita, Gibson na Martin miongoni mwao, wakaichukua.

Siri yake imo katika namna inavyokauka. Kiyeyushi kinapaa hewani, laka inabaki. Hakuna kingine kinachotokea. Kwa hiyo hata baada ya miaka 50, kiyeyushi kilekile kikiigusa, laka inarudi kuwa uji. Poliurithani na poliesta, zinazofunika karibu magita yote ya kiwandani ya bei nafuu yanayouzwa siku hizi, hukauka kwa kujifunga zenyewe kikemia. Zikishashikana hazirudi nyuma. Ndiyo maana rafiki yako anaweza kufuta gita lake jipya kwa karibu chochote na lisidhurike, nawe ukimwiga kwenye gita la babu yako ukaharibu urithi kwa dakika moja.

Utajuaje ulilonalo? Macho husaidia. Laka ya zamani hugeuka manjano, hupata nyufa nyembamba kama nywele, hasa kwenye magita yaliyopigwa na baridi ya usiku wa Juni kisha jua la mchana. Poliesta hubaki kama kioo, na ikigongwa humeguka kipande. Kama bado una shaka, fungua kitufe cha mkanda chini ya gita, au bati la nyuma la vifungio vya nyuzi, upate sehemu isiyoonekana. Chukua pamba ya masikio, ichovye kidogo sana kwenye spiriti, gusa. Ikinata, hiyo ni sheraki, ngozi ya magita mengi ya kiasili ya nyuzi za nailoni yaliyotengenezwa kwa mkono. Isiponata, rudia kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Ikinata sasa, una laka. Ikikataa kabisa, una plastiki ngumu, na unaweza kupunguza wasiwasi. Jaribio hili halifanyiki mbele ya gita hata mara moja.

Sasa turudi kwenye kabati la nyumbani. Siraji ni nta iliyolainishwa kwa kiyeyushi cha mafuta na kutiwa rangi. Rangi ndiyo inayoingia kwenye nyufa na kukaa humo. Dawa ya samani ya kupuliza mara nyingi ina silikoni. Silikoni haiyeyushi laka, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu gita linapendeza. Lakini inapenya kwenye nyufa hadi mtini, na siku fundi atakapotaka kupaka laka mpya, laka itakimbia na kuacha vishimo vya mviringo kila mahali. Mafuta ya mawese, ya nazi au ya kupaka mwilini huchacha na kukamata vumbi, na vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga: kila utakaposugua tena utakuwa unapiga msasa. Dawa za kung'arishia magari nyingi zina unga wa kukwangua ndani yake. Kwenye mlango wa gari sawa; kwenye ngozi ya unene wa karatasi, la.

Yupo adui mwingine ambaye hakai kabatini. Yupo mikononi. Dawa ya kujipaka dhidi ya mbu yenye kiambato cha DEET hulainisha laka na plastiki nyingi. Mpigaji anajipaka jioni, anakaa uani, mkono wa kulia unapumzika juu ya gita, na asubuhi kuna alama ya mkono iliyozama. Jeli ya kuua viini yenye spiriti nayo inaweza kuacha ukungu mweupe. Siwezi kumshauri mtu wa Katanga aache kujikinga na malaria kwa ajili ya gita. Avae shati la mikono mirefu na anawe viganja kwa sabuni kabla ya kupiga.

Mpira pia. Wengi wetu hutundika gita kwenye msumari uliozungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili lisikwaruzwe. Nia njema, lakini kemikali za mpira huhamia kwenye laka na kuacha doa jeusi lenye kunata shingoni. Zungushia kitambaa cha pamba. Na wale wa gita kavu wanaofunga kalamu shingoni kwa ukanda wa mpira ili kupandisha sauti, waufungue wakimaliza kupiga.

Baada ya makatazo hayo yote, kazi ya kila wiki inabaki nyepesi, na haihitaji kununua chochote. Kwanza ondoa vumbi bila kusugua, kwa brashi laini ya rangi isiyowahi kutumika au kwa kupepea. Kisha chukua fulana kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalegea, isiyo na mshono wala maandishi. Hema juu ya alama ya jasho kama unavyohema juu ya miwani, futa ukungu wako taratibu. Chumvi ya jasho huyeyuka kwa maji, si kwa mafuta, ndiyo sababu pumzi inatosha pale siraji iliposhindwa. Isipotosha, lowesha ncha ya fulana, ikamue mpaka isitoe tone, futa, kausha papo hapo. Gita la sheraki liishie kwenye pumzi.

Uchafu wa miaka, ule mweusi unaonata mahali mkono unapoegemea, unahitaji zaidi. Petroli safi ya viberiti vya kujaza, ile inayouzwa katika vikopo vidogo, huondoa mafuta bila kuiyeyusha nitroselulosi. Matone machache kwenye kitambaa, nje ya nyumba, mbali na mbabula yenye makaa na mbali na mvuta sigara. Mafuta ya taa si mbadala wake. Hayo hupaa polepole na kuacha utando.

Ukitaka mng'aro juu ya usafi, ndipo ununue. Chupa nyingi zinazofika Lubumbashi na Likasi zina maandishi ya Kifaransa, basi tafuta maneno mawili: "sans silicone", na tamko kwamba inafaa "vernis nitrocellulosique". Chupa inayotaja viambato vyenye "siloxane" au "dimethicone" iache dukani. Hayo ni majina mengine ya ukoo wa silikoni. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, ndiyo ninayoipendelea. Huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 80, hivyo hubaki ngumu chini ya kiganja chenye joto. Nta ya nyuki wetu wa miombo ni nzuri kwa mengi, lakini huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hivi na hulainika mapema zaidi, na kwenye gita la Agosti itakuwa mtego wa vumbi. Mara mbili kwa mwaka inatosha: mvua zikiisha, na kabla hazijaanza. Tone dogo kwenye kitambaa, kamwe si moja kwa moja juu ya gita.

Gita lenye ngozi isiyong'aa tangu kiwandani lisipakwe kabisa. Utalipa mabaka tu. Lenye nyufa nyingi lisipakwe krimu nyeupe, itakaukia ndani ya nyufa na kubaki kama chokaa. Na wanaodai kwamba nta huua sauti, au kwamba laka "inapumua" na kufanya gita liimbe kuliko lenzake la poliesta, nawaacha wabishane. Mimi ningebadilisha nyuzi kwanza kabla ya kuulaumu mti.

Linabaki gita ambalo laka imekwisha kabisa chini ya tundu, mti mtupu umeonekana. Hapo hapapakwi nta, mafuta wala krimu, kwani vyote vitapenya mtini na kumzuia fundi. Mpelekee kama lilivyo. Akikuambia atalipiga msasa lote na kulipulizia rangi ya gari, muulize maswali mawili kabla hujaliacha mezani kwake: rangi hiyo ni ya selulosi au ni ile inayochanganywa na kigandishi, na je, anaweza kuziba pale palipotoboka tu? Akijibu la pili kwa ndiyo, na la kwanza kwa selulosi bila kusitasita, mwachie kazi.