Kutafuta Mbwa wa Nyumbani

Mazungumzo ya redio kwa wanafunzi wa madarasa ya elimu ya watu wazima

(Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya kabla ya kufungua redio: chotara, chanjo, kuhasi, kichaa cha mbwa.)

  

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulifanya bila kulifikiri sana, nalo ni kutafuta mbwa wa kukaa katika nyumba yenye watoto. Sisemi juu ya mbwa wa fedha nyingi. Nasema juu ya mbwa wa kawaida tunaowaona kila siku: mbwa wa kienyeji, mbwa chotara, na mbwa aliyeachwa na wenyewe walipohama. Mbwa hawa hupatikana kwa bei ndogo, au hata bure. Lakini mbwa wa bure naye ana gharama zake, na asiyezihesabu mapema huja kuzilipa baadaye. Mara nyingine anayelipa ni mtoto.

Chotara ni mbwa gani?

Chotara ni mbwa ambaye baba na mama yake ni wa aina mbalimbali. Pengine baba ni mbwa mkubwa wa Kijerumani, yule wanaomtumia polisi, na mama ni mbwa wa kienyeji. Pengine aina zimechanganyika vizazi vingi hata hakuna awezaye kuzitaja. Huyo wa namna hii wengi humwita koko, na neno hilo husemwa kwa dharau.

Dharau hiyo haina msingi. Mbwa wa kienyeji wameishi katika nchi zetu zama nyingi, pamoja na jua letu na kupe wetu. Waliokuwa dhaifu walikufa, na waliobaki ndio waliozaa. Kwa sababu hiyo wengi wao ni wagumu, na hutosheka na chakula kidogo. Kadhalika, watu wanaozalisha mbwa wa aina moja tu mara nyingine huwapandisha ndugu kwa ndugu, na kasoro za ukoo zikazidi. Mbwa mkubwa wa Kijerumani, kwa mfano, hujulikana kwa maradhi ya nyonga ambayo huyarithi kwa wazazi wake. Damu iliyochanganyika huweza kupunguza kasoro za namna hii.

Lakini sikilizeni vizuri. Uchotara si chanjo. Mbwa koko hupata kichaa kama mbwa mwingine yeyote, hupata minyoo, na huuma. Basi, tusimdharau kwa ukoo wake, wala tusimwamini kwa sababu ya ugumu wake.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

Kabla ya kwenda kumtazama mbwa, ketini kwanza mke na mume, na wazee kama wapo, mjiulize maneno manne.

Kwanza, tunamtaka kwa kazi gani? Mbwa wa kulinda ua si lazima awe mkali. Yatosha abweke mgeni akija. Mbwa mkali asiyejua kubagua atamwuma mwizi leo, na kesho atamwuma mtoto wa jirani anayekuja kuomba moto.

Pili, nani atamlisha? Msimwachie mtoto kazi hii peke yake. Mtoto akienda shule, mbwa hushinda na njaa. Na mbwa mwenye njaa huenda jalalani.

Tatu, atakaa wapi? Panatakiwa kivuli, kibanda kisichovuja, na ua ulio na lango. Mbwa afungwaye mnyororo mfupi usiku na mchana huwa mwoga na mkali kwa pamoja.

Nne, majirani watasemaje? Waislamu wengi hujihadhari na mate ya mbwa, na yakiwagusa hujitoharisha. Mbwa wako akizurura hata vibarazani mwao umewaudhi bila sababu. Ujirani mwema ni pamoja na kumzuia mbwa nyumbani kwako.

Kumchagua mtoto wa mbwa

Tuseme bwana mmoja anarudi nyumbani jioni, amefurahi. Anamwambia mkewe, "Mama watoto, nimeona mtoto wa mbwa mzuri sana. Rangi yake kama simba."

Mkewe anauliza, "Baba watoto, na mama yake umemwona?"

Swali la bibi huyu ndilo hasa la kuuliza. Kununua mtoto wa mbwa bila kumwona mama yake ni kununua mbuzi kwenye gunia. Nendeni mkamtazame mama. Je, anakubali wageni baada ya kubweka kidogo, au anajificha na kutaka kuuma? Ni mnene kiasi, au mbavu zinahesabika? Watoto huchukua mengi kwa mama, kwa damu na kwa kumwiga. Ukubwa wa mama pia utawasaidia kukisia ukubwa wa mtoto. Kama baba hajulikani, makisio hayo huwa na mashaka, nanyi muwe tayari kwa mbwa mkubwa kuliko mlivyofikiri.

Ulizeni umri. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama kabla ya kutimiza wiki 8. Katika wiki hizo hujifunza kwa ndugu zake jambo kubwa sana: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Ndivyo anavyojifunza kupima nguvu ya meno yake. Aliyetengwa mapema mno hukosa somo hilo, na mikono ya watoto wenu ndiyo itakayolipia.

Tena, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au zaidi kidogo, mtoto wa mbwa hujifunza ni vitu gani vya kawaida duniani. Akikutana na watoto, baiskeli, kuku na mbuzi katika siku hizo, hatawaogopa akiwa mkubwa. Aliyefichwa nyuma ya nyumba mpaka miezi 5 ataogopa vingi, na mbwa mwenye hofu ni mwepesi kuuma.

Sasa watazameni watoto wenyewe. Chuchumaa mbali kidogo, upige makofi polepole. Anayekuja akitikisa mkia, akanusa, akakubali kuguswa, huyo anafaa. Anayejibana pembeni akitetemeka, mwache, hata kama huruma inakuvuta. Na yule anayewakanyaga wenzake wote na kuuma kila mkono anahitaji bwana mwenye ujuzi wa mbwa. Angusha kifuniko cha sufuria. Kushtuka si kosa; tazama kama anarudi kukinusa. Kisha kagua afya yake: macho yasiwe na tongo nyingi, masikio yasinuke, asiharishe. Tumbo kubwa lenye kubana juu ya mwili mkondefu mara nyingi ni minyoo. Minyoo hutibika, lakini itibiwe mapema, kwa kuwa baadhi yake huweza kuwaingia watoto wanaochezea udongo.

Mbwa mkubwa aliyeachwa

Watu wengi hudhani mbwa mkubwa hawezi kuzoea nyumba mpya. Si kweli. Mbwa mkubwa ana faida moja: tabia yake imekwisha kuonekana. Hukisii tena ukubwa wake wala ukali wake.

Lakini kuna mbwa aliyeachwa, na kuna mbwa asiyejulikana. Jirani akihamia mji mwingine na kumwacha mbwa ambaye mtaa mzima unamfahamu, huyo unaweza kuuliza habari zake. Alipata chanjo lini? Amewahi kuuma mtu? Huishi vizuri na kuku? Mbwa aliyetokea tu barabarani hana wa kumsemea. Msimguse, wala msiwaache watoto wamwite kwa chakula. Mwiteni kwanza Bwana Mifugo wa kata yenu. Sababu ni hii: mbwa aliyeambukizwa kichaa huweza kukaa wiki nyingi, au hata miezi, akiwa mzima machoni mwa watu kabla dalili hazijatokea.

Wasikilizaji walioko Kenya wanaweza pia kuuliza katika chama cha Nairobi kiitwacho KSPCA, ambacho hupokea wanyama waliotupwa na kuwatafutia wenyewe wapya. Popote mlipo, kama kipo chama cha namna hiyo, faida yake ni kwamba watunzaji wamekaa na mbwa huyo na wanaijua tabia yake.

Akifika nyumbani, mpeni mahali patulivu pa kulala. Msiwaite majirani wote kuja kumshika siku ile ile. Watoto wafundishwe mambo matatu: wasimsumbue akila, wasimwamshe akilala, wasimkumbatie kwa nguvu. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata awe mpole namna gani.

Kichaa cha mbwa

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa kinakisiwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaokufa, kama 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa. Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule alinusurika, akaishi mpaka utu uzima. Siku aliyofariki Pasteur, tarehe 28 Septemba, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika sehemu nyingine mbwa huchanjwa bure siku hizo. Sikilizeni matangazo ya Bwana Mifugo wenu.

Mtoto wa mbwa kwa kawaida huchanjwa akifika miezi 3. Penye hatari kubwa, daktari wa mifugo anaweza kuanza mapema zaidi. Kinga haisimami siku ile ile; hungojwa kama wiki 4. Kisha chanjo hurudiwa kwa wakati ulioandikwa katika cheti, mara nyingi kila mwaka. Tunzeni cheti pamoja na kadi za kliniki za watoto, maana vyote viwili vyalinda watu wale wale. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea kijijini. Basi, chanjo ya mbwa wako ni kinga ya mtoto wa jirani pia.

Mtu akiumwa na mbwa, au mbwa akimlamba penye kidonda, oshaneni mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15. Msitie majivu wala pilipili. Kisha mwende hospitali siku ile ile, mkaeleze habari kamili. Mbwa anayejulikana asiuawe kwa hasira; afungwe mahali salama na atazamwe siku 10, lakini kumtazama mbwa kusiwacheleweshe kwenda hospitali. Waambieni watoto hawatapigwa wakisema wameumwa. Wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamwumbua. Mtoto anayeficha jeraha dogo kwa kuogopa fimbo huenda akapotea kwa ajili ya fimbo hiyo.

Chakula na uzazi

Mpeni mbwa ugali pamoja na dagaa au mabaki ya nyama, na maji safi kila siku. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vikali. Wala msimtupie ini au pafu la mnyama aliyechinjwa lililo na vivimbe vya maji. Humo mna minyoo ambayo hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake humrudia binadamu na kumletea uvimbe hatari.

Mbwa jike huchukua mimba kwa muda wa siku 63 hivi, na huweza kuzaa watoto wengi kwa mara moja. Kama huna nyumba za kuwapeleka, mpeleke kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Dume naye huhasiwa, na mara nyingi hupunguza kuzurura. Watoto wa mbwa wanaotupwa jalalani leo ndio mbwa wasiojulikana wa mwakani, wale ambao tumesema msiwaguse.

Basi, ndugu wasikilizaji, mkitafuta mbwa, msianze na rangi wala bei. Anzeni na swali la yule bibi: mama yake umemwona? Kisha ongezeni la pili: chanjo amepata? Mbwa koko mwenye majibu mazuri ya maswali haya mawili atawalindia nyumba miaka mingi. Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini yafaa kumwona mama kabla ya kumchukua mtoto wa mbwa?
2. Mbwa aliyeachwa na jirani na mbwa asiyejulikana wana tofauti gani?
3. Eleza, hatua kwa hatua, utakavyofanya mtoto akiumwa na mbwa.
4. Katika mtaa wenu, mbwa wangapi wamechanjwa? Chagueni watu wawili wakaulize nyumba kwa nyumba, waandike hesabu, kisha wampelekee Bwana Mifugo.