UKUTA UNAOCHAGUA

Huku kwetu Kalehe, kutoka Nyabibwe mpaka Numbi, jamaa nyingi zinapata mwangaza kwa plake ya jua na batri. Kuichaji tunajua, lakini ni wangapi tunajua kilicho ndani? Ndani ya batri kuna pande mbili zisizopaswa kugusana, na katikati yake ukuta mwembamba. Ukuta ule ukitoboka, batri imekwisha.

Kuna batri kubwa ya namna nyingine. Katika miaka ya 1980, Maria Skyllas-Kazacos na wenzake katika chuo kikuu cha New South Wales, Australia, walitengeneza batri yenye matangi mawili ya asidi iliyoyeyushwa ndani yake madini ya vanadi. Pampu zinapitisha asidi ile pande mbili za utando mmoja, mwembamba kama karatasi. Mwaka 2022 batri ya namna hii, yenye nguvu ya megawati 100, iliwashwa Dalian, China.

Kazi ya utando ni kupitisha chembe ndogo za haidrojeni na kuzuia vanadi. Ukizuia vyote, hakuna kuran. Ukipitisha vyote, nguvu inapotea bure.

Kupandikiza kwa mionzi

Wewe mkulima unajua kupandikiza avoka: unakata ngozi ya mti, unatia tawi la mti mwingine, vinashikana. Wataalamu wanafanya vile vile na plastiki. Kwanza wanaipiga kwa mionzi, kwa mfano ya kobalti 60, ambayo ni kobalti ya kawaida iliyowekwa kwanza ndani ya reakta. (Nchi yetu ndiyo inachimba kobalti kuliko zote.) Mionzi inafungua vidonda vidogo sana. Pili, wanaichovya katika dawa iitwayo stirini, pasipo hewa, na nyuzi mpya zinaota penye vidonda. Tatu, wanaitia katika asidi kali, ili nyuzi zile zipate uwezo wa kupitisha haidrojeni.

Plastiki ile haibaki na mionzi ndani yake. Lakini kazi inafanyika nyuma ya kuta nene za beto. Si ya kujaribia nyumbani.

Nyumbani mwako

Wazazi, batri za kwetu zina risasi na asidi. Ikikufa, msiipasue, wala msimwage maji yake shambani au ziwani. Risasi inaharibu bongo za watoto. Asidi inapofusha macho.

Nawe kijana wa karé, kila kitu kinakupitia: feza, pombe, marafiki. Kujifungia hutaweza, ukiacha vyote vipite, nguvu yako inakwisha. Plastiki tupu haichagui. Inachagua kwa sababu ya kile kilichopandikizwa ndani yake. Soma Waroma 11, habari ya tawi la mzeituni wa pori: uhai wake unatoka katika shina.

Ya kuzungumzia nyumbani: Batri zetu za zamani ziko wapi sasa? Ndani yetu kumepandikizwa nini?